Kwa Nini Maji Yanayochemka Hayapandi Joto Hata Moto Ukizidishwa?

Ukitumbukiza kipimajoto katika sufuria ya maji iliyo motoni, utakiona kikipanda polepole, nyuzi 40, 60, 90, hadi kifike nyuzi 100 za Selsiasi, kisha kisimame. Ongeza moto utakavyo: maji yatatokota kwa kishindo na kupungua upesi zaidi, lakini kipimajoto hakitasogea. Basi joto lote hilo linakwenda wapi?

Maji, kama maada nyingine, yameundwa kwa chembe ndogo mno, yaani molekuli, ambazo daima zimo katika mwendo na huku zinavutana. Katika yabisi, kama barafu, kila chembe imefungwa mahali pake na haiwezi ila kutetemeka. Katika kimiminika chembe zingali zimekaribiana, ila zinatelezeana, ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo. Katika gesi zimeachana kabisa na kutawanyika kila upande. Kipimajoto hupima ukali wa mwendo wa chembe hizo tu, wala hakipimi jinsi zilivyoshikana, na hapo ndipo ilipo siri yenyewe.

Maji yakishafika kiwango cha kuchemka, joto linaloingia haliziongezei chembe mwendo, bali huzing'oa kutoka kwa jirani zake ziwe mvuke. Joseph Black, mwanasayansi wa Uskoti aliyelichunguza jambo hili katika karne ya 18, aliliita joto fiche, na jina hilo limelifaa kweli. Wala si joto dogo: kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 huhitaji takriban kilojuli 420 (kilojuli ni kipimo cha nishati), ilhali kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji nyingine 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara tano. Mvuke ukigusa ngozi hurudi kuwa maji na kuliachilia joto hilo papo hapo, na kwa sababu hiyo huunguza vibaya kuliko maji ya moto ya nyuzi zilezile.

(Mvuke wenyewe, kwa kweli, hauonekani. Tazama mdomo wa birika linalochemka: kabla ya wingu jeupe pana nafasi fupi iliyo kama tupu. Hapo ndipo mvuke ulipo. Wingu ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa.)

Barafu nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu ya nyuzi 0, takriban kilojuli 334, lingetosha kuyapasha maji ya uzito huohuo kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80.

Hata hivyo, nyuzi 100 ni kiwango cha usawa wa bahari. Ili yachemke, maji hulazimika kuishinda kanieneo (yaani mgandamizo) ya hewa inayoyakandamiza, na kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua. Katika kilele cha Everest maji huchemka kwenye nyuzi 70 hivi, na moto mkali hausaidii kitu. Kinachosaidia ni kukiziba chombo barabara. Ndani ya sufuria ya presha mvuke hukosa pa kutokea, kanieneo huongezeka, na maji hufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka.