Rangi ya Kahawia ya Michoro ya Kondoa Si Damu, Wala Haihitaji Maji

Kutokana na malalamiko tunayoendelea kupokea kuhusu wageni wanaoimwagia maji michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma, ili itokeze vizuri kwenye picha za simu, tumeona ni vyema kueleza rangi ile ni kitu gani na maji huifanya nini.

Rangi hiyo ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu si damu, ya mnyama wala ya mtu, ingawa swali hilo huulizwa kila mara na jibu ni lilelile. Ni ngeu, yaani udongo wenye oksidi ya chuma, ndugu wa ile ambayo maseremala waliipigia mistari kwenye mbao. Ilisagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na kitu cha kuishikiza, kama vile mafuta ya wanyama. Penye manganizi, madini yenye rangi nyeusi, rangi huelekea weusi, na udongo wa manjano ukichomwa hugeuka mwekundu. Damu huoza, oksidi ya chuma haiozi, na ndiyo sababu twiga waliochorwa kwenye miamba ya Kolo, huko Kondoa, bado wanaonekana.

Mwamba ukilowa, rangi hukolea kwa dakika chache tu. Maji yanapokauka huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe na kuiacha juu ya mchoro kama utando mweupe, hivyo mgeni anayefuata hukuta mchoro umefifia, naye humwaga maji zaidi.

Maeneo haya yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda michoro ya miambani iliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Kuiharibu, au kuchimba bila leseni, ni kosa la jinai, na kutojua sheria si utetezi. Hilo linawahusu pia wanaofukua chini ya mapango wakitafuta mali wanayodhani ilifichwa na Wajerumani enzi za ukoloni: michoro si ramani ya mali hiyo, na mingi ilikuwapo karne nyingi kabla Mjerumani hajakanyaga Kondoa.

Mgeni anatakiwa kupitia kwanza ofisi ya Kolo, alipe kiingilio, apewe stakabadhi na aongozane na mwongozaji. Atakayekuta kipande cha ngeu chenye alama za kukwaruzwa akiache kilipo na kutoa taarifa. Asikiokote wala kukiosha, hata kama nia yake ni kutuletea, kwa kuwa kikishaondolewa mahali pake hatuwezi tena kujua kilitumika pamoja na nini.