Kiwango cha udahili katika vyuo vikuu binafsi vya Marekani: asilimia ile inapima nini?

Kiwango cha udahili ni asilimia ya waombaji ambao chuo kimewapa nafasi katika mwaka mmoja. Hupatikana kwa kugawanya idadi ya waliopewa nafasi kwa idadi ya walioomba, kisha kuzidisha kwa mia. Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, kilipokea maombi 54,008 kwa ajili ya wanafunzi wa kuingia mwaka 2024, kikatoa nafasi 1,937, na hivyo kiwango chake kikawa asilimia 3.59. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu huanza pale mwombaji anapoichukua asilimia hiyo na kuisoma kama uwezekano wake yeye wa kupata nafasi. Kiwango cha udahili ni habari ya chuo na ya kundi zima la walioomba, ilhali uwezekano wa mtu mmoja ni jambo jingine, na kuchanganya mambo haya mawili kumewafanya vijana wengi wakate tamaa bila sababu na wengine wengi wajipe matumaini yasiyo na msingi.

Namba inayobadilika zaidi katika hesabu hiyo ni ile ya walioomba. Kwa wanafunzi wa kuingia Harvard mwaka 2020, maombi yalikuwa 40,248 na waliopewa nafasi walikuwa 1,980, sawa na asilimia 4.92. Mwaka uliofuata, baada ya janga la UVIKO-19 kuvifanya vyuo vingi viache kudai alama za SAT na ACT, mitihani ya kuombea nafasi vyuoni, maombi yalipanda hadi 57,435 huku waliopewa nafasi wakiwa 1,968, yaani pungufu ya watu 12 tu. Kiwango kikashuka hadi asilimia 3.43. Nafasi zilikuwa karibu zile zile, ila mlango wa kuomba ulikuwa umepanuliwa, na watu ambao awali wangejizuia kwa sababu ya alama zao sasa waliona hawana cha kupoteza. Kwa wanafunzi wa kuingia mwaka 2025, sharti la mtihani likiwa limerudishwa, maombi yalishuka hadi 47,893, nafasi zikatolewa 2,003, na kiwango kikapanda hadi asilimia 4.18. Ukizitazama asilimia hizo peke yake utadhani chuo kilikuwa kigumu zaidi kisha kikalegea kidogo, lakini mwombaji mwenye sifa imara ambaye angeomba katika miaka yote hiyo hakukutana na mabadiliko makubwa kiasi hicho.

Jambo la pili linalovimbisha idadi ya waombaji ni wepesi wa kuomba. Mfumo wa Common Application ulianzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na leo unatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Mwombaji hujaza fomu kuu mara moja, huandika insha kuu moja, kisha anaweza kuituma kwa vyuo hadi 20, akiongeza tu insha fupi ambazo baadhi ya vyuo huzidai. Kijana yule yule basi huhesabiwa mara nyingi, katika kila chuo alichokigusa. Maombi yanaweza kuongezeka mwaka hadi mwaka hata kama idadi ya vijana haikuongezeka, na kila chuo kitatangaza kwamba ushindani umekuwa mkali kuliko wakati wowote. Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kikiwapa nafasi zaidi ya nusu ya walioomba, sasa huchukua takribani mmoja kati ya ishirini. Sifa yake ya kitaaluma ilikuwa kubwa tangu wakati ule. Kilichobadilika zaidi ni idadi ya watu wanaobisha hodi.

Idadi ya waliopewa nafasi nayo ina siri yake. Chuo hakitoi barua za kukubaliwa sawasawa na viti kilivyo navyo, kwa kuwa kinajua wengine wataenda kwingine. Harvard, ambako zaidi ya asilimia 80 ya wanaokubaliwa huamua kwenda, inahitaji barua chini ya 2,000 ili ijaze darasa la watu wapatao 1,650. Chuo ambacho ni mtu mmoja tu kati ya wanne anayekubali kwenda kingelazimika kutoa barua zaidi ya 6,000 kujaza darasa kama hilo. Ndiyo maana vyuo vingi vinapenda maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji, ambapo anaahidi kwamba akikubaliwa atakwenda na ataondoa maombi yake kwingineko. Kila nafasi inayotolewa kwa njia hiyo ni kiti kilichojaa karibu kwa hakika, barua zinazobaki kutolewa zinapungua, na kiwango cha udahili kinashuka bila chochote kubadilika darasani. Kwa hiyo si sahihi kupanga vyuo kwa ubora wa ufundishaji kwa kutazama nani anakataa watu wengi zaidi.

Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko zote ya asilimia hii ni kwamba inachanganya makundi yasiyofanana. Shauri la kikundi cha Students for Fair Admissions dhidi ya Harvard, ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ililiamua tarehe 29 Juni 2023, linakumbukwa zaidi kwa kuzuia vyuo kutumia kigezo cha rangi. Lakini ushahidi uliotolewa humo ulifungua pia jambo ambalo kwa kawaida hubaki ndani ya ofisi za udahili. Wanamichezo walioalikwa na makocha, watoto wa waliowahi kusoma chuoni hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, na waombaji waliomo katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo hujumuisha jamaa za wafadhili, walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji wote lakini takribani asilimia 30 ya waliopewa nafasi.

Tuweke uwiano huo katika chuo cha kufikirika chenye waombaji 50,000 na nafasi 2,000, ambacho kiwango chake kinachotangazwa ni asilimia 4. Waombaji 2,500 wa makundi yale wanapata nafasi 600, na kiwango chao ni asilimia 24. Waliobaki, watu 47,500, wanagawana nafasi 1,400, na kiwango chao kinakuwa chini kidogo ya asilimia 3. Katika chuo hicho asilimia 4 inayotangazwa haimhusu mtu yeyote. Ni wastani wa watu wenye bahati mbili tofauti, na mwombaji asiye na mzazi aliyesoma pale, wala kocha anayemngoja, anapaswa kujua kwamba yeye anasimama upande wa pili. Utafiti wa wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba watoto wa familia zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato wana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo vya daraja la Harvard kuliko watoto wa familia za kipato cha kati wenye alama zile zile za mtihani. Hili linastahili kusemwa wazi, maana kijana anayekataliwa huwa mwepesi wa kujilaumu kwa pengo ambalo hakulichimba yeye.

Makundi hayaishii hapo. Mwombaji anayetoka nje ya Marekani huwa na kiwango chake. Chuo cha MIT (Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts), ambacho kwa jumla huchukua kati ya asilimia 4 na 5 ya waombaji, huchukua chini ya asilimia 3 ya wale wasio raia wala wakazi wa kudumu. Na ndani ya kundi hilo la wageni kuna mgawanyiko mwingine unaotokana na fedha. MIT, Harvard, Yale, Princeton na Amherst humpima mgeni bila kutazama kama ataweza kulipa, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vilijiunga na utaratibu huo. Vyuo vingine vingi, vikiwemo vyenye utajiri mkubwa kama Stanford, huwapa Wamarekani heshima hiyo lakini kwa mgeni anayeomba msaada wa ada huuzingatia uhitaji wake wakati wa kuamua. Mgeni mwenye uhitaji na mgeni anayejilipia wanasoma asilimia moja iliyochapishwa, ilhali uwezekano wao haufanani hata kidogo. Jinsia pia inaweza kuhusika: Brown hupokea maombi mengi zaidi ya wanawake, na kiwango cha wanaume kimekuwa juu zaidi, ilhali katika MIT hali ni kinyume.

Wakati wa kuomba nao hugawa watu. Kwa wanafunzi wa kuingia mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi ya mapema 7,921 na kutoa nafasi 692, sawa na asilimia 8.74, na katika awamu ya kawaida waombaji 46,087 walipata nafasi 1,245, sawa na asilimia 2.70. Wapo washauri wanaoichukua tofauti hii na kumwambia kijana kwamba akiomba mapema atazidisha uwezekano wake mara tatu. Huo ni ushauri mbaya. Wanamichezo walioalikwa na watoto wa wahitimu hujazana katika awamu ya mapema, na pamoja nao wapo wanafunzi ambao maombi yao yalikuwa yamekamilika na kuiva tangu Novemba. Ukilitoa kundi hilo, tofauti inapungua sana, ingawa katika vyuo vinavyomfunga mwombaji faida fulani hubaki kwa sababu chuo kinapenda uhakika. Isitoshe, wale wanaoahirishwa kutoka awamu ya mapema hufikiriwa tena pamoja na wa awamu ya kawaida, hivyo waliokuwa wakishindania zile nafasi 1,245 walikuwa wengi kuliko hesabu ya kutoa inavyoonyesha.

Je, alama za juu hazitoshi kumtenga mtu na wastani? Zinasaidia, lakini si kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Katika shauri lile lile la Harvard ilielezwa kwamba katika mwaka mmoja wenye waombaji wapatao 35,000, kati ya Wamarekani 26,000 waliokuwemo, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama za shule, 3,400 walikuwa na alama kamili katika sehemu ya hisabati ya SAT, na 2,700 katika sehemu ya lugha. Viti vilikuwa takribani 1,600. Kwa idadi hizo, alama nzuri humwezesha mwombaji kusomwa kwa makini, na uamuzi hufanywa kwa mambo mengine: insha, barua za walimu, ugumu wa masomo aliyochagua ukilinganishwa na yale ambayo shule yake inatoa, na mahitaji ya chuo mwaka huo, ambayo mwombaji hayaoni. Labda idara ya lugha za kale imepungukiwa, au okestra imempoteza mpiga zeze wake mkuu. Kwa sababu hiyo vikokotoo vya mtandaoni vinavyodai kumpa mtu uwezekano wake kwa kutumia alama peke yake havistahili kuaminiwa. Vinatoa namba yenye desimali kuhusu mambo ambayo havijayasoma.

Kosa la mwisho ni la kujumlisha. Mtu anaomba vyuo kumi, kila kimoja kikiwa na kiwango cha asilimia 5, na anajiambia kwamba kumi mara tano ni hamsini. Hata kama kila chuo kingeamua bila uhusiano wowote na kingine, uwezekano wa kukosa vyote ungekuwa 0.95 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani karibu 0.60, na wa kupata angalau kimoja ungekuwa asilimia 40. Lakini maamuzi hayo yana uhusiano, kwa sababu vyuo vyote kumi vinasoma insha ile ile, barua zile zile na alama zile zile. Udhaifu unaoonekana na kimoja huelekea kuonekana na vingine. Kwa mwombaji wa kawaida, kurefusha orodha ya vyuo vya aina hiyo kunaongeza uwezekano kidogo kuliko hesabu inavyoahidi, na kwa hiyo ni busara orodha yake iwe na vyuo kadhaa vinavyochukua zaidi ya nusu ya waombaji, ambavyo angefurahi kusoma na ambavyo ada yake inalipika.

Anayetaka kwenda mbele ya asilimia inayotangazwa anaweza kutafuta hati iitwayo Common Data Set, ambayo vyuo vingi huichapisha kila mwaka katika tovuti zao. Sehemu C ndiyo ya udahili. C1 hutenganisha waombaji, waliokubaliwa na walioripoti kwa jinsia. C7 hueleza ni vigezo gani chuo kinasema kinavipa uzito, ikiwa ni pamoja na uhusiano na wahitimu, na mara nyingi hapo ndipo mwombaji hugundua kama chuo kinalitazama jambo hilo au hapana. C9 huonyesha alama za mtihani za walioingia. C21 hutoa hesabu ya maombi ya mapema kwa vyuo vinavyomfunga mwombaji. C2 huonyesha orodha ya kusubiri, yaani wangapi waliwekwa humo, wangapi walikubali kusubiri na wangapi hatimaye walichukuliwa. Ni vyema kuisoma C2 ya miaka kadhaa mfululizo kabla ya kuacha nafasi iliyo mkononi kwa kutegemea orodha hiyo, kwa kuwa chuo kile kile kinaweza kuchukua watu wengi kutoka humo mwaka mmoja na mwaka unaofuata kisichukue karibu yeyote.