Gesi ya friji haiishi, inavuja

"Fundi, friji halipoozi, gesi imeisha, njoo ujaze." Simu hii naipokea karibu kila siku, na joto la Januari likishika Dar ndiyo usiseme. Narudia tena: gesi ya friji haiishi. Si petroli, haichomwi. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inatoka kompresa inakwenda kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje, na kurudi, miaka nenda rudi. Ikipungua kuna mahali panavuja, na ukijaza bila kuziba umenunua gesi ya kumwaga hewani.

Majuzi mama mmoja wa Tabata aliniita. Friji lake ni used ya Uingereza, na lilishajazwa mara tatu ndani ya mwaka. Nikaligeuza. Nyuma, kwenye maungio ya bomba karibu na chujio, palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi jeusi. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi; yanapotokea, gesi nayo inatokea hapo hapo. Nikapaka povu la sabuni, vipovu vikaanza kupanda kimoja kimoja. Kuchomelea hapo hakukuchukua hata nusu saa. Mama wa watu ameshalipa mara tatu!

Tena si hela yake tu. Friji lile linatumia gesi iitwayo R134a, na kilo moja ya gesi hiyo inapasha dunia joto sawa na kilo 1,400 hivi za hewa ukaa. Gramu 120 zikijazwa mara tatu na zote zikavuja, ni kama nusu tani, kutoka jiko moja la Tabata.

Hapo mteja aliyesoma hunijibu kwamba R134a haigusi ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Kweli, haina klorini, ndiyo maana ilichukua nafasi ya R12, gesi ya zamani yenye klorini, baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda ozoni. Lakini ozoni ni kitu kingine na joto ni kitu kingine. Mwaka 2016 nchi zilikaa Kigali kukubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo kwa sababu ya joto.

"Hayo ni ya viwanda vya Ulaya, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Gesi hizi hatuzitengenezi, zinakuja kwa meli, na mafriji used yanakuja kwa meli. Montreal ilifanikiwa kwa sababu ilishika biashara yenyewe: nchi wanachama zilikatazwa kuuziana gesi zinazoharibu ozoni na nchi iliyobaki nje. Leo dunia nzima imo.

R22, gesi ya AC za zamani ambayo nayo inaharibu ozoni, kuonekana bado madukani hakuifanyi kuwa salama. Nchi zinazoendelea zimepewa muda mrefu zaidi wa kuiacha, na mwisho wake ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. AC ya R22 usinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Na wale wanaotaka niwatolee R600a, gesi ya mafriji mapya inayoweza kuwaka kama ya kupikia, niweke R134a, eti italipuka: friji lina kama gramu 50, na pembeni yake umeweka mtungi wa kupikia wa kilo 6. Hiyo kazi siifanyi.

Fundi akija, kwanza muulize panavuja wapi. Akija na mtungi bila pampu ya kuvuta hewa, asiguse bomba. Na kabla hujanipigia, soma kibandiko cha friji lako: gesi gani, gramu ngapi.