"Fundi weka uzi mgumu" na mambo mengine yanayoua nguo mnazozipenda

Jamani leo naomba niliseme hili mpaka mwisho maana nimelisikia mara nyingi mno na juzi nimelisikia tena kwa wateja wawili waliofuatana. "Fundi, hii suruali naipenda sana, weka uzi mgumu, hata ule wa fundi viatu, alafu pita juu yake mara nyingi nyingi isichanike tena." Anayesema anasema kwa mapenzi kabisa na namuelewa, hiyo nguo amekaa nayo miaka, imemzoea mwili, hata aende Kariakoo na hela mkononi hapati inayomkaa hivyo. Lakini anachoniomba ndo kitakachoimaliza nguo yake, na nikimwambia hapana anaona namnyima kazi nzuri ili arudi tena nimchaji.

Ukweli ni kwamba nguo ya siku nyingi mara chache inaachia kwa sababu uzi wa mshono ulikuwa dhaifu. Uzi unaukuta mzima, kilichochoka ni kitambaa. Chukua jinzi, ile sehemu ya mapaja karibu na pale mishono minne inapokutana. Kila hatua unayotembea pale panasuguana, jasho linakaa palepale, ukifua unapafikicha kuliko kwingine kwa kuwa ndo panachafuka. Siku moja unaona katundu kadogo, unasema kamechanika leo. Hakajachanika leo! Geuza suruali nje ndani uinyanyue kwenye jua uangalie, utakuta tundu ni dogo lakini mwanga unapita eneo lote la ukubwa wa kiganja kuzunguka hilo tundu. Jinzi ina nyuzi za bluu zinazosimama na nyuzi nyeupe zinazolala, na kwa upande wa nje bluu ndo zimejaa, kwa hiyo ndo zinaliwa kwanza, na ndio maana kwenye magoti yaliyochoka unaona zimebaki zile nyeupe tu zimening'inia. Kitambaa kimeshapungua nusu yake kabla hujaona tundu.

Sasa hapo kwenye kitambaa kilichopungua nusu wewe unataka nipitishe uzi wa nailoni na mishono iliyobanana. Uzi mnene unataka sindano nene, sindano nene inatoboa tundu kubwa, na ukipanga matundu makubwa karibu karibu kwenye mstari mmoja umetengeneza mahali pa kuchania, sawa na tiketi inavyochanwa kwenye vitobo vyake. Alafu nailoni haiachii. Ukichuchumaa, ukipanda bodaboda, ukijikunja kwenye siti ya nyuma ya daladala, kuna nguvu inavuta, na hiyo nguvu inakwenda kutafuta pale kigumu kinapokutana na laini. Laini ndo inaachia. Ndo maana baada ya wiki chache mteja anarudi na mchaniko mpya uko pembeni kabisa ya kazi ya fundi, umenyooka kufuata ukingo wa kiraka, na anasema "fundi hukukaza vizuri". Imekazwa, tena imekazwa mpaka imekata.

Kanuni ninayoifuata mimi, na naomba muishike hata kama mnashonea kwa fundi mwingine, ni kwamba kikilazimika kitu kuachia basi uachie uzi, kitambaa kibaki. Uzi ukikatika narudishia dakika tano umeondoka. Kitambaa kikiliwa hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa hiyo uzi wa kawaida wa polista unatosha kabisa kwa jinzi na kiraka chake, mshono uwe mrefu kidogo, milimita 3 hivi, usibane kwenye moja na nusu, na sindano iwe kali ya namba 16, sio ile iliyoshona tangu mwaka juzi. Sindano butu haipiti katikati ya nyuzi, inazikata. Wateja wangu wanashangaa nabadilisha sindano kabla ya kugusa nguo yao, mimi nashangaa fundi asiyebadilisha.

Na kiraka chenyewe, hapa ndo nawachosha watu lakini nitarudia. Kiraka kisiwe kizito kuliko nguo. Kilingane nayo kama ilivyo SASA, yaani ilivyochakaa, sio ilivyokuwa siku ulipoinunua. Kipande cha jinzi mpya kigumu juu ya paja lililokwisha ni vita na nguo inashindwa. Kama una jinzi nyingine iliyokufa, usikate kiraka kwenye goti wala mapajani, kata nyuma kwenye kigimbi chini ya goti, kule kitambaa huwa bado kina nguvu zake na kimeshafuliwa mpaka kimelainika. Au fumua mfuko wake wa ndani, kile kitambaa cheupe chepesi cha mfuko kinafaa sana kuwekwa kwa ndani ya paja, na watu wanakitupa! Kata pembe za mviringo, usiache kona kali maana kona ndo inayoanza kuvuta na kunyanyuka. Kiwe kikubwa kupita eneo lililochoka, vidole viwili vizima kila upande viingie kwenye kitambaa chenye afya. Piga bandi kwanza, yaani mishono mikubwa ya muda ya kushikilia, kisitembee, alafu pitisha mistari ya mshono kwenda na kurudi bila kubana, na mistari isiishie sehemu moja, huu uwe mrefu ule mfupi, ili ile nguvu ya kuvuta isipate mstari mmoja wa kukaa. Nyuzi za kiraka ziende mwelekeo uleule wa nyuzi za nguo. Ukikiweka upande upande kitavutika na nguo haitavutika na utaona mikunjo ambayo pasi haiitoi.

Kiraka kipya cha dukani kifue kwanza, tena kwa maji ya moto kama nguo ni ya pamba. Pamba mpya inasinyaa. Ukikishona kabla hakijasinyaa kitasinyaia kwenye nguo na kitavuta kila upande. Hili halijaanza leo, Yesu mwenyewe kwenye Injili ya Marko anatolea mfano kiraka kipya kwenye vazi kuukuu kwamba kinalirarua likawa baya zaidi, na waliokuwa wanamsikiliza walikuwa wanaelewa anachosema maana walishona. Sisi tunausoma mfano kila mwaka alafu Jumatatu tunaleta kitenge kibichi chenye wanga wake kikawe kiraka.

Tuje kwa hayo mengine ambayo sitakaa nayo sana.

Supa gluu. Hapana. Ikikauka inakuwa ngumu na inakuchoma ngozi ukivaa, mshono wa kando yake unakatika, na mimi siwezi tena kupitisha sindano hapo, ni kukata kipande kizima. Na kuna hatari ambayo wengi hawaijui, supa gluu ikimwagika nyingi kwenye kitambaa cha pamba inapata joto kali ghafla, inaweza kutoa moshi na kukuunguza. Usiijaribu ukiwa umeivaa hiyo nguo, na usimuache mtoto aijaribu.

"Acha ichanike kabisa ndo niipeleke, tundu dogo nitamsumbua fundi bure." Huu upole wenu ndo unaonitesa! Tundu la ukubwa wa punje ya mchele ni kazi ndogo na ya bei ndogo, hata nyumbani unaweza. Ukisubiri liwe la ngumi tunaongelea kiraka kikubwa, na kama ni gauni la kitenge kwapani tunaongelea kutafuta kitenge chenyewe ambacho dukani kilishaisha zamani.

Alafu kuna wale wanaofua kwanza kwa heshima. Nashukuru, nguo chafu kweli sipendi kuiweka mezani. Ila nguo yenye mchaniko ukiiloweka na kuifikicha, mchaniko unaongezeka na kingo zinafumuka nyuzi, na zile nyuzi za kingo ndo nilikuwa nazihitaji. Chukua sindano na uzi wowote hata usiofanana rangi, piga bandi kubwa kubwa kuzunguka mchaniko na kuufunga, alafu fua taratibu. Mimi nitaifumua nikifika hapo. Kwa tisheti ndo muhimu zaidi maana kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi, kitanzi kimoja kikikatika vinafuatana kushuka. Na tisheti haishonwi kwa mshono wa kunyooka, inataka zigizagi na sindano ya ncha ya mviringo inayosukuma vitanzi pembeni bila kuvikata, vinginevyo siku ya kwanza ukiivuta kichwani uzi unakatika kwa kishindo.

Kushona kwa mkono mnakuona ni kwa asiye na cherehani. Kazi zangu bora za kurekebisha nguo za zamani nazimalizia kwa mkono, kwa sababu mkono unahisi kitambaa pale kinapoishia nguvu na cherehani haihisi. Wala kiraka kuonekana sio aibu. Wanawake wa Bengal wanaunganisha sari zilizochakaa safu kwa safu kwa mshono wa mkono wa kunyooka zinakuwa mashuka mazito ya kujifunika, wanaziita kantha. Kule Japani wakulima wa kaskazini walikuwa wanatia kiraka juu ya kiraka miaka na miaka kwa sababu pamba ilikuwa adimu kwao, leo nguo hizo ziko kwenye makumbusho.

Sasa mabaki, na hapa pia nina neno refu kidogo. Umenunua kitenge yadi 6, nimekushonea gauni, vipande vimebaki, nakuuliza uvichukue unasema "tupa tu fundi, vidogo hivyo vitafanya nini". Baada ya miaka minne unakuja na gauni lilelile limechanika kwenye mfuko unaniuliza kama nina kile kitenge. Sina! Hakuna mwenye nacho, hiyo michoro ya vitenge inakuja na kuondoka. Chukua mabaki yako, hata kipande cha ukubwa wa kiganja. Na usikifungie kwenye kabati kikae kipya, hilo kosa la pili, kwa sababu gauni litafifia na kipande kitabaki kinang'aa, siku ya kukitumia kitaonekana toka mbali. Ninachofanya mimi kwa wateja wanaonisikiliza ni kushonea kipande ndani ya gauni lenyewe, kwenye akiba ya mshono wa ubavuni (kile kitambaa cha ziada kinachobaki kwa ndani) au chini ya pindo, kwa bandi nne tu. Kinafuliwa na gauni, kinasinyaa na gauni, kinafifia nalo, siku ukikihitaji unakifumua kiko tayari na rangi yake ni ileile. Bei yake ni bure, sijawahi kumchaji mtu.

Na wanaoamini mabaki yote kazi yake ni kujaza mto: vipande vya kitambaa vinafanya mto mzito wenye mabonde, na ukifuliwa kwa unyevu wa Dar haukauki katikati, unanuka ukungu. Kama lazima, vikate vidogo sana sana na uweke mfuko wa ndani unaotoka. Vipande virefu vyembamba visuke uwe mkeka wa mlangoni, vile vya mraba viunganishe uwe kava la meza au mfuko wa sokoni wenye bitana. Vifungo, zipu nzima na lastiki ambayo bado inarudi, ng'oa kabla hujatupa nguo yoyote. Khanga kuukuu usikimbilie kuifanya tambara la deki. Hakuna kitambaa kizuri kuliko khanga iliyofuliwa miaka mingi kwa kuweka kwa ndani ya shati jepesi, gauni la mtoto, au hata khanga nyingine. Kina mama wanaoniletea khanga wananiambia kiraka kisiguse jina na mimi nakubaliana nao kabisa, pale kwenye maandishi natumia uzi mwembamba wa rangi ya herufi nashona kwa mkono bila kiraka.

Kuhusu rangi kufanana, mnaniumiza na hili pia. Mtu anakataa kitambaa cha uzito sahihi kwa sababu bluu yake imezidi kidogo, anachukua polista inayoteleza kwa sababu bluu yake ni ileile. Polista haishiki jasho wala haisinyai pamoja na pamba, baada ya kufuliwa mara chache kiraka kinafanya puto katikati. Uzito na aina ya kitambaa kwanza, rangi baadae. Kama rangi inakunyima usingizi kiraka kiwe kwa ndani na kwa nje nipitishe uzi wa rangi ya nguo, mtu aliyesimama mbele yako hataona kitu.

Na la mwisho, ule uzi wa bibi uliokaa dirishani. Uzi unaozeeka, hasa uliopigwa jua. Kabla hujaushonea, vuta kipande cha urefu wa mkono kwa nguvu ya kawaida. Ukikatika kirahisi tumia wa kupigia bandi tu, na kwa nguo unayoipenda nunua mpya. Ukija Kariakoo kununua njoo na nguo yenyewe, usinunue kwa kukumbuka rangi, na uitazame nje kwenye mwanga wa jua maana taa za duka zinabadilisha bluu.