Maji ya Kifua Yanayorudi: Mesothelioma na Mabati ya Asbesto Tuliyorithi

Mgonjwa ana miaka 60 na kitu. Akipanda mlima mdogo anahema, upande mmoja wa kifua ni mzito, na suruali zimeanza kumpwaya. Eksirei inaonyesha maji upande wa kulia. Yanatolewa, anapata nafuu, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Baada ya wiki tatu maji yamerudi. Yanatolewa tena. Mwezi unaofuata, tena.

Kwa Uganda, kuanza na kifua kikuu ni sawa kabisa. Shirika la Afya Duniani linaihesabu nchi yetu kati ya zile 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na maji ya kifua ni sura yake mojawapo iliyozoeleka. Kosa ni kuendelea kushikilia kifua kikuu wakati maji yenyewe yanakataa. Mojawapo ya magonjwa yanayojificha nyuma ya maji hayo ni mesothelioma, na anayeweza kuufichua mapema ni mhudumu anayejua swali la kumwuliza mgonjwa.

Mesothelioma ni saratani ya utando, pafu lenyewe huanza likiwa zima. Pafu limevikwa utando wa tabaka mbili: la ndani limeshikana na pafu, la nje limebandikwa kwenye ukuta wa kifua, na katikati kuna vijiko vichache tu vya umajimaji wa kulainisha. Tumbo na moyo vina utando wa aina hiyo hiyo, lakini wagonjwa wanane hivi katika kila kumi hupata ugonjwa huu kifuani. Huanza kwenye tabaka la nje kama punje ndogo ndogo. Punje huungana, zinakuwa ganda gumu linaloliviringa pafu, na utando uliokasirika unamwaga maji.

Chanzo kikubwa kinajulikana tangu 1960, pale J. C. Wagner na wenzake walipochapisha habari za wagonjwa 33, karibu wote kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya bluu kaskazini-magharibi mwa jimbo la Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi karibu na machimbo tu, na wengine waliyapitia utotoni. Ndiyo maana siridhiki na jibu la "mimi sikufanya kazi kiwandani".

Asbesto ni jina la pamoja la madini sita yenye nyuzi. Krisotili, ile nyeupe, ndiyo iliyotumika zaidi kwenye mabati ya saruji. Nyuzi zake zimejikunja na mwili huzivunja kiasi. Krosidolaiti ya bluu na amosaiti ya kahawia zina nyuzi zilizonyooka kama sindano na hukaa mwilini miongo mingi, kwa hiyo kwa mesothelioma zina hatari kubwa zaidi kuliko nyeupe. Hata hivyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka zote sita katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Anayekuambia "hii ni nyeupe, haina neno" anakupotosha.

Kinachotokea ndani ni hiki. Uzi mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa unapita puani, unashuka hadi mwisho wa pafu, kisha baadhi ya nyuzi zinafika kwenye utando wa nje. Chembe za ulinzi hujaribu kuumeza. Zinaweza kumeza vumbi la kawaida, lakini uzi mrefu unazishinda: chembe inaushika upande mmoja, upande wa pili unabaki nje, na chembe inakufa ikimwaga kemikali zake kali. Inakuja nyingine, inakufa vile vile. Mwako huo unaendelea miaka 20, 30, hata 50, mpaka vinasaba vinavyozuia saratani vinaharibika kwenye chembe mojawapo ya utando. Kwa hiyo fundi aliyekata mabati 1985 anaugua leo, na mtoto anayevuta vumbi hilo leo ana miaka mingi mbele ya ugonjwa kujitokeza. Sigara haileti mesothelioma. Lakini sigara na asbesto zikikutana huongeza sana saratani ya pafu, kwa hiyo aliyewahi kuvuta vumbi hili ana sababu mbili za kuacha kuvuta.

Sasa lile swali. Ukimwuliza mzee aliyestaafu, "Unafanya kazi gani?" atajibu "nalima", na atakuwa amesema kweli. Uliza hivi: "Mzee, tangu ulipotoka shule mpaka leo, umefanya kazi zipi, na ulikaa nyumba za nani?" Hapo ndipo yanapotoka mambo ya kuezeka shule, kukata mabomba ya maji ya saruji kwa msumeno, kufunga bomba na boila za kiwanda cha sukari, chai au nguo, kutengeneza injini za reli, kukaa kwota za polisi au za walimu zenye paa la kijivu. Kisha mgeukie mkewe: "Mama, nguo zake za kazi alikuwa anazifua nani?" Wanawake wamepata ugonjwa huu kwa kukung'uta ovaroli za waume zao. Makanika nao wasisahaulike. Ushahidi juu yao si mzito kama ule wa wafunga boila, lakini laini za breki za zamani zilikuwa na asbesto, na kulipuliza vumbi lake kwa kompresa ni tabia ya kuachwa leo hii.

Upande wa vipimo, nitasema kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo muda wa mgonjwa unapopotea.

Maji yakitolewa mara ya kwanza, yasimwagwe. Peleka maabara angalau mililita 50 zikiwa mbichi kwa uchunguzi wa chembe, pamoja na kipimo cha protini, hesabu ya chembe, GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu), na ADA, kimeng'enya kinachopanda kwenye maji ya kifua kikuu, kama kinapatikana. Usitoe zaidi ya lita moja na nusu kwa mkao mmoja. Pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. Mgonjwa akianza kukohoa mfululizo au kubanwa kifua, simamisha.

Majibu yanadanganya pande zote mbili. GeneXpert ya maji ya kifua ikisema hakuna, kifua kikuu bado kinaweza kuwapo, kwa kuwa vimelea kwenye maji hayo ni vichache. ADA iliyopita uniti 40 kwa lita inaelekeza kwenye kifua kikuu. Ikiwa chini sana, anza kutilia shaka. Na uchunguzi wa chembe ukisema "hakuna saratani", mesothelioma haijaondoka, kwa sababu chembe zake hufanana mno na chembe za utando uliowaka tu. Rangi ya damu kwenye maji nayo haitoshi, maana hata kifua kikuu huweza kuyatia wekundu.

Kwa hiyo ninaangalia mwenendo. Maji ya kifua kikuu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa za dawa, homa inakata, uzito unarudi. Utando ukibaki mnene kidogo, hilo hutokea. Lakini maji yakijaa tena na tena huku mgonjwa akikonda na maumivu yakikaza, miezi miwili ya dawa imetosha kuwa jaribio. Omba skani ya CT. Dalili za kutia wasiwasi ni utando uliozidi sentimita moja kwa unene, wenye vinundu, unaolizunguka pafu lote hadi upande wa moyo. Kisha itafutwe nyama ya utando. Sindano inayochomwa bila kuona mara nyingi hukosa. Njia bora ni kuingiza kamera kifuani na kukata vipande pale ugonjwa unapoonekana. Maabara ya patholojia iombwe rangi maalumu za kutofautisha: angalau alama mbili za mesothelioma, kama kalretinini na WT1, na angalau mbili za saratani ya pafu, kama TTF-1. Jibu la "saratani, aina haijulikani" halitoshi kuanzia matibabu.

Mlango wa matibabu hayo kwetu ni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanza 1967. Dawa za kawaida ni pemetreksedi na sisplatini, kila siku 21. Kuna jambo dogo linalosahaulika na kuleta madhara makubwa: asidi foliki ya kila siku na sindano ya vitamini B12 zianze wiki moja kabla ya dozi ya kwanza. Zikirukwa, damu hushuka na mdomo huchubuka vibaya. Dawa mbili za kuamsha kinga, nivolumabi na ipilimumabi, zilikubaliwa Marekani 2020 na huongeza miezi kadhaa, lakini bei yake familia nyingi haziiwezi.

Na upasuaji mkubwa wa kubandua ganda lote? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2024 uliwalinganisha wagonjwa waliopewa dawa pekee na waliopewa dawa pamoja na upasuaji huo. Waliopasuliwa waliishi muda mfupi zaidi, na matatizo yao yalikuwa mengi zaidi. Nasema haya wazi kwa sababu familia huuza shamba ili mzee apelekwe nje akapasuliwe. Tafadhali, kabla shamba halijauzwa, mwulizeni daktari kuhusu utafiti huo.

Ugonjwa huu hauponi, na wengi huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya kutambuliwa. Katika muda huo pumzi na maumivu vinadhibitika. Maji yanaweza kuzuiwa kwa kugandisha tabaka mbili za utando kwa unga tasa wa talki, mradi pafu bado linafunguka, au kwa mpira mwembamba unaoachwa kifuani ili nyumbani wayatoe kidogo kidogo. Kwa maumivu, Uganda ina kitu ambacho nchi nyingi zinatamani: mofini ya maji ya kunywa, iliyoenezwa na Hospice Africa Uganda tangu 1993, na tangu 2004 hata wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Inasaidia hata kuhema. Familia inayoikataa kwa kuogopa "uraibu" inamwacha mgonjwa ateseke bure.

Tuje kwenye paa, maana wagonjwa wa mwaka 2060 wanatengenezwa huko.

Watu huyaita mabati ingawa hayana chuma. Ni saruji iliyochanganywa na asbesto, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Ni mazito, ya kijivu, unene wa milimita 6 hivi, na ukiyagonga hayalii kama bati. Mabati mapya ya saruji yasiyo na asbesto yanafanana nayo, na jicho haliwezi kuyatenganisha. Pasipo kipimo cha maabara, paa la zamani lihesabiwe kuwa na asbesto. Lilipo zima, halina nyufa, nyuzi zimefungwa ndani ya saruji na hatari ni ndogo. Tazama ukingo wa bati lililovunjika, bila kuligusa: utaona vijinyuzi vyeupe vimechomoza kama sufi kwenye ganda la msufi lililopasuka. Kila kimoja ni fungu la nyuzi nyingi zisizoonekana.

Paa zima liachwe. Usilitoboe kwa drili kufunga antena, usilisugue kuvu kwa brashi, usilioshe kwa mashine ya maji ya kasi, na usilikanyage, kwani bati lililozeeka huvunjika ghafla na kumwangusha fundi. Wengi wanauliza juu ya maji ya mvua yanayokingwa humo. Hewa inanitia hofu zaidi kuliko maji ya kunywa. Lakini tope la mfereji wa paa lizolewe likiwa bichi, kwa maana likikauka ni vumbi.

Likilazimu kuondolewa, hii ni taka hatari chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, na msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Watu wote wasio na kazi pale waondoke, shule ifungwe. Mabati yaloweshwe kwa bomba la kupulizia polepole, maji yenye sabuni kidogo, na yaendelee kuwa mabichi. Boliti zifunguliwe au zikatwe, bati litoke zima, lishushwe kwa mikono au kamba. Likitupwa chini limekuwa unga. Chini kutandikwe nailoni nzito. Kila rundo lifungwe tabaka mbili, libandikwe utepe na kuandikwa HATARI: ASBESTO kwa lugha inayosomwa pale. Mafundi wavae ovaroli za kutupwa na barakoa za daraja la FFP3 zilizobana uso. Barakoa ya hospitali au kitambaa ni bure, na ndevu huiachia nafasi hata iliyo nzuri. Hakuna kufagia pakavu. Sakafu ipanguswe kwa vitambaa bichi, navyo vifungwe pamoja na taka. Watu waoge kabla ya kwenda nyumbani, na ovaroli zisitoke pale.

Vipande visigawiwe. Najua ni chungu kuona bati lenye nguvu likizikwa wakati jirani anahitaji ukuta wa banda la nguruwe, au shimo la barabara linahitaji kifusi. Lakini kipande kwenye njia kinasagwa na boda boda kila siku, na watoto hukitumia kuchorea kama chaki. Kizikwe mahali palipoidhinishwa, kifunikwe kwa udongo, na mahali hapo pawekwe kwenye ramani ya kiwanja, ili atakayechimba msingi hapo miaka 30 ijayo aambiwe kabla hajainua jembe.