Malengo ya timu ya biashara: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Kikao cha malengo ya robo mwaka nakijua vizuri. Namba inaandikwa ubaoni, bosi anaizungushia duara, kila mtu anaitikia "sawa", watu wanarudi kwenye meza zao. Baada ya wiki 6 muulize mmoja wao lengo la timu ni lipi, ataanza kupekua simu akitafuta faili. Huyo si mvivu. Ameachiwa namba bila kuelezwa kazi, na aliyemwachia mara nyingi naye alifundishwa hivyo hivyo. Mengi tunayosema kuhusu malengo tumerithishana kwa mdomo, na mengine hayana hata chanzo.

Dhana: Utafiti ulithibitisha kwamba wanaoandika malengo hutajirika.

Hadithi yenyewe inasimuliwa kwenye semina nyingi. Mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale waliulizwa kama wameandika malengo yao, asilimia 3 tu walikuwa nayo, na miaka 20 baadaye hao wachache walikuwa na mali kuliko wenzao wote kwa pamoja.

Utafiti huo haukufanyika. Walioufuatilia hawakuupata, na chuo chenyewe kimeeleza kwamba haukuwahi kuwapo. Kuandika lengo kuna faida, nami yangu naandika. Lakini ukiamini karatasi ndiyo inayofanya kazi, utaandika vizuri, utabandika ukutani, na utaishia hapo.

Dhana: Timu nzuri inatosha kuiambia "jitahidini kadiri mnavyoweza".

Kauli hii ina heshima ndani yake, ndiyo maana inapendwa. Shida ni kwamba kila mtu anaipima kwa mizani yake, na wote wanaamini wamejitahidi. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, alichapisha hoja ambayo imepimwa mara nyingi tangu hapo: lengo gumu na mahususi huleta matokeo bora kuliko agizo la kujitahidi, mradi watu wanaiweza kazi na wamelikubali lengo.

Ushahidi ninaourudia kila mara ni wa madereva wa malori ya magogo katika jimbo la Oklahoma. Mtafiti Gary Latham na mwenzake Baldes waliuchapisha mwaka 1975. Malori yalikuwa yakiondoka msituni na takriban asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria, na madereva walikuwa tayari wanaambiwa wajitahidi. Wakapewa lengo moja: asilimia 94. Hawakuongezwa mshahara. Baada ya muda mizigo ilivuka asilimia 90.

Lori halikubadilika, barabara haikubadilika. Lengo lilielekeza macho ya watu mahali pamoja, basi. Shika hilo, maana dhana zinazofuata zinavunjikia hapo hapo: macho yakielekezwa huku, kule hayaoni.

Dhana: Kisichopimika si lengo.

Hapa nina maneno mengi kidogo, kwa sababu nimeona watu wema wakiharibiwa kazi na dhana hii.

Wengi wanaitetea kwa kutaja SMART, herufi 5 za Kiingereza za kukumbushia sifa za lengo zuri. Aliyeieneza herufi hizo ni George Doran, katika makala ya Novemba 1981, na yeye mwenyewe alisema si kila lengo katika kila ngazi ya uongozi linaweza kupimwa kwa namba. Tena herufi ya tatu, A, ambayo leo tunafundishwa kwamba maana yake ni lengo linalofikika, kwake ilimaanisha lengo lenye mtu aliyekabidhiwa. Tumempoteza huyo mtu njiani, na ni hasara kubwa. Lengo la "sisi sote" lisilo na jina la yeyote huwa linasubiriana mpaka mwezi unaisha.

Chukua timu ya huduma kwa wateja iliyopewa kipimo kimoja: simu isizidi dakika 4. Ikifika dakika 3 na sekunde 40, mhudumu anaacha kumsikiliza mteja na kuanza kuitazama saa kwenye skrini. Anasema, "Samahani, mtandao unasumbua, naomba upige tena." Mteja anapiga, anapokewa na mwingine, anaanza kueleza upya toka mwanzo. Ripoti ya mwezi inaonyesha simu fupi na simu nyingi, bosi anafurahi, na tatizo la mteja bado liko palepale. Mhudumu huyo amefanya kile alichoagizwa.

Jambo hilo likikua linafika mbali. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwasukuma wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja huduma 8. Septemba 2016 ikatozwa faini ya dola milioni 185, baada ya kubainika kwamba wafanyakazi walikuwa wakifungua akaunti bila ridhaa ya wateja, na takriban wafanyakazi 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Lengo lilikuwa mahususi, gumu na linapimika vizuri sana.

Basi kila kipimo kipe mlinzi. Ukipima urefu wa simu, pima pia matatizo mangapi yamekwisha kwa simu moja. Ukipima mauzo mapya, tazama pia wateja waliorudisha bidhaa au kuondoka. Vipimo viwili vinavyovutana humlinda mfanyakazi asilazimike kuchagua kati ya namba na dhamiri yake.

Dhana: Kazi mpya, lengo lile lile.

Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman waliwapa wanafunzi wa Jeshi la Anga la Marekani zoezi la kuigiza uongozaji wa ndege. Waliopewa lengo la matokeo wakiwa bado wanajifunza walifanya vibaya zaidi: akili iliyotakiwa kuelewa kazi ilikuwa inahesabu alama.

Kwa hiyo timu inayoingia soko jipya usiidai mauzo mwezi wa kwanza. Idai maarifa: zungumzeni na wateja 20, mlete sababu 3 zinazowafanya wasite kununua. Hilo nalo ni lengo, lina idadi na lina tarehe.

Dhana: Lengo lisilotungwa na timu yenyewe halitafuatwa.

Watafiti wenyewe waligombania hili. Latham aliona kushirikishwa hakuongezi kitu, Miriam Erez akaona kunaongeza sana. Badala ya kurushiana makala, walikaa pamoja na Locke akiwa msuluhishi, wakapanga majaribio kwa pamoja na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Tofauti ilikuwa kwenye namna lengo lilivyotolewa. Lengo lililotoka juu likiambatana na sababu lilikubalika karibu sawa na lile lililotungwa na watu wenyewe. Lililotupwa kwa amri tupu ndilo lililokataliwa.

Kuwashirikisha watu bado napenda, kwa sababu anayeifanya kazi anajua mahali inapokwama. Ila kama namba imeshaamuliwa, waambie imeamuliwa na uwaeleze kwa nini. Kikao cha kuomba maoni ambayo hayatatumika huwavunja watu moyo kuliko amri.

Dhana: Anayekosa lengo lazima abanwe, la sivyo wengine watalegea.

Nirudi Oklahoma, kuna sehemu niliibakiza. Madereva walikuwa wameahidiwa kwamba asiyefikia lengo hataadhibiwa. Mwezi wa kwanza mizigo ilipanda hadi kama asilimia 80. Mwezi wa pili ikashuka hadi 70. Mameneja wengi hapo wangeita kikao cha dharura na kutaka maelezo kwa maandishi. Madereva walipohojiwa baadaye walisema walifanya makusudi: walitaka kujua kama ahadi ile ni ya kweli.

Hakuna aliyeadhibiwa. Mwezi wa tatu mizigo ikavuka asilimia 90, na miezi iliyofuata ikabaki huko huko.