Ule "uso" wa Mirihi ni kilima tu

Picha hii haizeeki. Kila baada ya muda inaibuka tena kwenye magrupu: uso wa mtu juu ya sayari ya Mirihi, una macho, pua na mdomo, na chini yake maneno kwamba viumbe wenye akili waliuchonga na wakubwa wanatuficha.

Picha yenyewe si ya kughushi. Ilipigwa Julai 1976 na chombo cha angani Viking 1, katika eneo la Mirihi liitwalo Cydonia. Jua lilikuwa chini, hivyo upande mmoja wa kilima ulimezwa na kivuli. Picha nayo ilikuwa hafifu: nukta moja ya picha ilibeba takriban mita 50 za ardhi. Vile vidoa vyeusi vilivyotapakaa kwenye picha ni data iliyopotea njiani ikitumwa Duniani, na kimojawapo kiliangukia pale pale tunapoona tundu la pua. Bahati ya ajabu, kusema kweli.

Mwaka 2001 chombo Mars Global Surveyor kilikipiga picha kilima hichohicho, safari hii nukta moja ikiwa chini ya mita 2. Uso haupo. Kuna mwamba uliolika. Picha zote mbili ziko wazi kwenye intaneti. Tafuta "Cydonia 1976" na "Cydonia 2001", uziweke sambamba.

Macho yetu ni mepesi kuona sura, hata mawinguni. Kama kuna viumbe wengine huko angani, swali hilo bado liko wazi, ila picha hii hailijibu. Ukiletewa, usiisambaze, mrudishie aliyekutumia ile ya 2001.